Taharuki na Siri: Neno juu ya Picha Tano za Sinema

Wako wengi miongoni mwa wasomi wetu wanaodhani kwamba picha ya sinema yenye kutia hofu, au ile yenye kusimulia habari za nyota za mbali na nyakati ambazo hazijaja, ni mchezo wa kupitishia jioni tu. Huitazama, huifurahia, kisha huiacha mlangoni kama mtu aachavyo tikiti iliyokwisha kutumika. Wakiulizwa kwa nini picha ilikuwa njema, jibu lao aghalabu ni moja: kwa sababu hatukujua mwisho wake mpaka ulipofika. Na wakitaka kumsifia mwenzao picha hiyo humwambia, "Sikuelezi mwisho, nisije nikakuharibia." Katika kauli hiyo ndogo imo nadharia nzima ya sanaa, nayo ndiyo ninayokusudia kuipinga. Yasema kwamba thamani ya hadithi ya taharuki imo katika siri yake, na siri ikitoka thamani hutoka nayo. Kama ndivyo, picha hizo hazistahili nafasi katika masomo yetu, kwa maana mwalimu hufundisha kitu kinachoweza kurudiwa.

Mimi nashauri kipimo kingine, nacho ni chepesi. Picha na itazamwe mara ya pili, mtazamaji akiwa anajua kila kitakachotokea. Ikiwa moyo bado wamdunda, na ikiwa anayaona sasa mambo ambayo hakuyaona mara ya kwanza, picha hiyo ina kitu ndani yake zaidi ya siri. Ikiwa amekaa akipiga miayo, basi alichokuwa nacho mara ya kwanza kilikuwa udadisi tu. Kwa kipimo hicho nimezitazama katika miezi iliyopita picha tano, mbili za taharuki na tatu za sayansi ya kubuni, kila moja mara mbili au zaidi, nami nawashauri wanafunzi na wenzangu wazitazame. Katika kuzieleza sitaficha mwisho wa hata moja. Msomaji atakayeona kwamba nimemnyang'anya starehe yake, namwomba avumilie mpaka mwisho wa insha hii, kisha aamue.

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake Marekani, alilieleza jambo hili kwa mfano uliokuwa mashuhuri, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1966. Watu wamekaa mezani wakizungumza mambo yasiyo na uzito. Chini ya meza pana bomu. Kama watazamaji hawana habari, bomu likilipuka watapata mshangao wa sekunde 15. Lakini kama wamelionyeshwa bomu hilo, na saa iliyo ukutani inaonekana, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yatawatesa kwa dakika 15. Maneno ya wale wanaozungumza hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni ujuzi wa anayewasikiliza. Hitchcock aliifuata kanuni hiyo katika Vertigo ya mwaka 1958. Riwaya ya Kifaransa iliyozaa picha hiyo iliifungua siri mwishoni kabisa. Yeye aliifungua sehemu kubwa ya hadithi ikiwa bado, ili tusimame upande wa mwanamke anayejua, na kumtazama kwa huruma na hofu mwanamume asiyejua.

Sisi tunaotumia Kiswahili hatukuwa na haja ya kungoja mpaka Hitchcock atufundishe. Neno taharuki, lililotoka katika Kiarabu, lina asili ya kutikisika na kuondoka katika utulivu. Ndani yake hamna maana ya kutojua. Na hadithi iliyo kuu kupita zote katika pwani yetu, ile ya Fumo Liongo, haina siri kwa msikilizaji. Kila anayeketi kuisikiliza anajua kwamba shujaa huyo hafi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na kwamba atakayeichoma ni mwanawe mwenyewe. Tena tazama mwisho wake. Liongo, akiisha kuchomwa, alipiga goti karibu na kisima, akaweka mshale katika upinde, akafa hali amelenga. Watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Sisi tunajua kwamba aliyelenga ni maiti, wao hawajui, na kiu inawaua. Hilo ni bomu la Hitchcock lililogeuzwa, nalo limesimuliwa karne nyingi kabla ya sinema kubuniwa. Hapana bibi aliyewahi kukataa kuisimulia tena kwa sababu wajukuu wameshajua mwisho.

Nianze na picha za taharuki. Henri-Georges Clouzot, mwongozaji wa Kifaransa, alitoa picha mbili zilizofuatana ambazo zaonekana kana kwamba zimetungwa ili kubishana juu ya jambo letu. Ya pili, Les Diaboliques ya mwaka 1955, inamaliza kwa maandishi yanayowasihi watazamaji wasiwaambie rafiki zao walichokiona. Ya kwanza, Le Salaire de la peur ya mwaka 1953, yaani Ujira wa Hofu, haina haja ya ombi kama hilo. Hadithi yake yaweza kusemwa kwa pumzi moja. Katika kijiji kimoja cha Amerika ya Kusini wamekwama wageni wasio na kazi wala nauli ya kurudi kwao. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinawaka moto, umbali wa maili 300, na moto huo hauzimiki ila kwa mlipuko. Wanaajiriwa watu wanne kupeleka nitrogliserini kwa malori mawili, kila mmoja kwa ujira wa dola 2,000. Mafuta hayo hulipuka kwa mtikisiko mdogo. Tangu hapo kila jiwe la njiani linajulikana ni nini.

Wengi hulalamika kwamba muda mrefu unapita kabla malori hayajaondoka. Malalamiko hayo hutoka kwa wanaotazama mara moja. Anayerudia anaona kwamba muda ule ndio uliojenga picha. Hapo ndipo tulipojifunza umaskini wa kijiji, jeuri ya mzee Jo ambaye baadaye woga utamvunja, na dharau ya kampuni, inayowachagua watu hawa kwa kuwa hawana chama wala jamaa wa kuwadai. Lori moja linapolipuka, Clouzot hatuonyeshi mlipuko. Jo, aliye katika lori la nyuma, anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka katika karatasi mkononi mwake, kisha mwanga unamulika. Watu wawili wamekwisha. Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili, nikijua, niliutazama mkono ule tangu ulipoichukua karatasi, na hofu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Mario peke yake ndiye anayefika, naye anaanguka na lori tupu katika bonde akirudi, hali anaendesha kwa kucheza dansi kwa furaha. Sina budi kusema pia aibu ya picha hii: mwanamke pekee mwenye nafasi ndani yake amefanywa kuwa kitu cha kusugua sakafu na kupigwa. Clouzot aliwaona wanyonge wanne, wa tano hakumwona.

Picha ya pili ni ya Mjapani Akira Kurosawa, Tengoku to jigoku ya mwaka 1963, yaani Pepo na Jahanamu. Imetokana na riwaya ya Mmarekani Ed McBain, lakini Kurosawa ameihamishia Yokohama na kuifanya yake. Gondo, mkubwa katika kampuni ya viatu, ameweka rehani mali yake yote ili anunue hisa zitakazompa mamlaka katika kampuni. Usiku huo huo anapigiwa simu kwamba mwanawe ametekwa, na fidia ni yeni milioni 30. Mara mwanawe anaingia chumbani mzima. Aliyechukuliwa kwa makosa ni mtoto wa dereva wake. Mtekaji akilijua kosa lake hajali: fidia ni ile ile. Gondo akilipa atafilisika kwa ajili ya mtoto asiye wake. Asipolipa, dereva wake amesimama pale pale chumbani, kichwa ameinamisha, hasemi neno.

Karibu nusu ya kwanza yote ya picha inapita katika sebule hiyo moja, na hapana risasi inayolia. Kurosawa anawapanga watu chumbani kama mshairi apangavyo vina: nani yuko karibu na simu, nani amegeukia dirisha, nani amesimama pembeni kwa kuwa mtumishi haketi mbele ya bwana. Kisha ghafla tumo katika gari la moshi, ambamo fedha zinapaswa kutupwa kupitia dirisha linalofunguka sentimita 7 tu. Baada ya hapo, wapelelezi wakiwa bado hawana jina wala sura, Kurosawa anatuonyesha mtekaji mwenyewe akirudi chumbani kwake, chini ya kilima, katika joto na harufu ya mtaa wa maskini. Kumbe ni kijana anayejifunza uganga hospitalini, ambaye kila siku aliitazama nyumba ya Gondo ikimeremeta juu yake. Mwandishi wa kawaida angeificha sura hiyo mpaka dakika ya mwisho. Kurosawa anaitoa mapema kwa sababu swali lake si nani aliyetenda. Swali lake ni umbali gani uliopo kati ya kilima na bonde, na ni nani anayepaswa kuulipia.

Anayejua mwisho huiona pia dhambi ya polisi. Wanamjua mhalifu, lakini wanachelewa kumkamata ili wamnase katika kosa zito zaidi litakalomfikisha kitanzini. Na katika kuchelewa huko mwanamke mmoja mraibu wa dawa za kulevya anauawa. Mara ya kwanza nilikuwa upande wa wapelelezi na sikumhesabu mwanamke huyo. Mara ya pili nilimhesabu. Sina hakika kwamba Kurosawa mwenyewe alimhesabu, kwa maana waraibu katika picha yake wanatembea kama mizimu isiyo na majina. Lakini ametuachia nafasi ya kuuliza. Mwishoni Gondo na mtekaji wanakabiliana gerezani, kioo kati yao, na sura ya mmoja inaonekana juu ya sura ya mwenziwe. Hapana siri inayofunguliwa hapo. Pazia la chuma linashuka, na Gondo amebaki ameketi peke yake.

Sasa nazijia picha za sayansi ya kubuni. Kundi hili hudharauliwa zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kwamba sharti lake ni mitambo na moto. La Jetée ya Mfaransa Chris Marker, iliyotoka mwaka 1962, haina hata mwendo. Kwa dakika 28 tunaonyeshwa picha mnato, moja baada ya moja, na sauti ya msimulizi juu yake. Paris imeangamizwa na vita vya tatu vya dunia. Waliosalia wanaishi chini ya ardhi. Na mfungwa mmoja anapelekwa katika wakati uliopita kwa kuwa moyo wake umeshikilia kumbukumbu moja ya utotoni: uso wa mwanamke katika uwanja wa ndege wa Orly, siku alipomwona mtu akianguka na kufa. Mwisho, anapomkimbilia mwanamke huyo katika uwanja ule ule, anafahamu kwamba mtu aliyemwona akifa ni yeye mwenyewe.

Marker ametupa mwisho wa hadithi katika dakika ya kwanza, ila tumeutazama bila kuutambua. Ndiyo maana anayerudia hapotezi kitu. Picha nzima imejengwa juu ya mtu anayeurudia wakati ambao umekwisha kutokea, na mtazamaji wa mara ya pili yumo katika hali ile ile ya mfungwa: anarudi, anajua, na hawezi kuzuia. Mahali pamoja tu ndipo picha inapotembea. Mwanamke amelala, anafumbua macho, anapepesa, basi. Ni sekunde chache. Katika sinema nyingine jambo hilo lisingeonekana. Hapa ni kama maiti amevuta pumzi. Kwa wanafunzi wa ushairi wanaopenda kuuliza kanuni za arudhi zina faida gani, naipendekeza picha hii kuliko mhadhara wangu wowote. Mtu aliyejinyima mwendo kwa nusu saa ameupa mwendo mmoja uzito ambao mamilioni ya fedha hayawezi kuununua.

Picha ya nne, Arrival ya mwaka 2016, iliongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada kutokana na hadithi fupi ya Ted Chiang iliyotoka mwaka 1998. Yatuhusu sisi walimu wa lugha kwa njia ya pekee, kwani mhusika wake mkuu, Louise Banks, ni mtaalamu wa isimu. Vyombo 12 vimeshuka kutoka angani katika nchi mbalimbali, na ndani yake mna viumbe wenye miguu saba. Majeshi yanataka kujua wamekuja kutafuta nini, na Louise anaeleza kwa subira kwamba swali hilo haliwezi kuulizwa kabla pande mbili hazijakubaliana swali ni nini. Maandishi ya viumbe hao ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho. Kadiri Louise anavyojifunza, ndivyo anavyoanza kuuona wakati kama wao, wote kwa pamoja. Nasi tunagundua kwamba mandhari ya binti yake anayeugua na kufa, ambayo tuliyadhania ni kumbukumbu, ni mambo ambayo hayajatokea bado.

Picha nzima inakaribia kuangamia kwa sababu ya neno moja, ambalo wengine wanalifasiri kuwa silaha, na Louise anasema laweza kuwa na maana ya chombo cha kazi. Mswahili anayetazama atatabasamu, kwa kuwa neno zana lililo katika lugha yetu lina maana zote mbili: kuna zana za kilimo na kuna zana za vita, na anayetofautisha ni jirani wa neno, si neno lenyewe. Kasoro za picha hii hazifichiki. Dai la kwamba lugha yaweza kuibadilisha akili hata ikaona yajayo ni kubwa kupita lolote ambalo wataalamu wa isimu wangeliunga mkono. Tena vita vinaepushwa kwa simu moja kwa jenerali wa Kichina, hila ambayo haimo katika hadithi ya Chiang, nayo yatatua kwa dakika tatu fundo lililofungwa kwa saa nzima.

Walakini kwa kipimo chetu picha hii ni ya ajabu, maana ina siri, na siri ikishatoka ndipo inapoanza. Mara ya kwanza nilimwona mama akiomboleza. Mara ya pili nilimwona mwanamke ambaye anaulizwa na mwanamume ampendaye kama wazae mtoto, naye anamjua mtoto huyo, jina lake, kicheko chake na siku ya kufa kwake, na anajibu ndiyo. Hapo taharuki imevuka mpaka wa ufundi. Swali la nini kitatokea limekwisha. Limebaki swali la kama jambo lenye mwisho unaojulikana lafaa kuanzwa.

Swali hilo hilo ndilo linaloijaza Pumzi, picha fupi ya mwaka 2009 ya Wanuri Kahiu wa Kenya, yenye dakika zipatazo 20. Vita vya maji vimekwisha zamani, na juu ya ardhi hakuna kinachoota. Watu wanaishi ndani ya jumba lililofungwa, wanakunywa maji yaliyosafishwa kutoka katika jasho na mkojo wao wenyewe, na wanapewa dawa za kuzuia ndoto. Asha, anayetunza jumba la makumbusho, anapokea udongo usiojulikana umetoka wapi. Anatia mbegu, nayo inachipua. Baraza linamkatalia kutoka nje, kwa kuwa nje imekufa. Anatoroka, anatembea jangwani mpaka nguvu zinamwishia, anaupanda mche, anaumiminia maji yake ya mwisho, kisha anaulalia ili mwili wake uwe kivuli. Picha inapanda juu mpaka Asha ni nukta, na miti inaonekana.

Tangu Asha anapotoka mlangoni twajua kwamba hatarudi. Kahiu hatuchezei kwa matumaini ya uongo. Mtazamaji anahesabu maji katika chupa kama anavyohesabu dakika za bomu, na kila tone linalokwenda kwenye mche ni tone lililoondoka katika uhai wa mtu. Ningependa baraza la watawala lingechorwa kwa kina zaidi. Katika muda mfupi namna hii limebaki kuwa kivuli cha uovu tu. Na inasikitisha kidogo kwamba picha iliyopewa jina la Kiswahili inazungumza Kiingereza. Lakini jina lenyewe limechaguliwa kwa busara, kwa kuwa pumzi ndiyo ambayo Asha anaitoa na mti unairudisha.

Msomaji aweza kunipinga hapa. Je, Hitchcock yule yule hakuwaomba watazamaji wa Psycho, mwaka 1960, wasiutangaze mwisho, na hakuagiza kwamba asiingie mtu ukumbini picha ikishaanza? Ni kweli. Na mshangao si dhambi. Mara ya kwanza huja mara moja tu katika maisha, na sitaki kumnyima mtu. Lakini jiulize Psycho inatazamwa kwa nini hata leo, wakati siri yake inajulikana na watu ambao hawajaiona kamwe. Inatazamwa kwa ajili ya mwanamke anayeendesha gari katika mvua na fedha za wizi, na kwa mazungumzo ya upole katika chumba chenye ndege waliokaushwa. Siri ilikuwa tangazo la biashara. Kilichobaki ni kazi.

Jambo hili lina uzito kwetu zaidi ya sinema. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alitupa katika Bwana Msa mpelelezi ambaye wasomaji wamemrudia wakiwa wameshamjua muuaji. Hata hivyo uhakiki wetu wa riwaya za upelelezi, na wa picha pia, mara nyingi umekuwa muhtasari wa matukio unaokoma kwa woga ukingoni mwa mwisho, kama kwamba mhakiki ni mpiga debe wa mlangoni. Mhakiki anayeogopa kuutaja mwisho hawezi kuuliza kama mwisho huo ni wa haki: kama mwanamke wa Yokohama alistahili kufa ili sheria ishibe, kama Louise alikuwa na haki ya kumzaa mtoto kwa uchungu anaoujua, kama jumuiya ya Asha ilistahili mti wake. Maswali hayo ndiyo hadithi. Yanaanza pale siri inapokwisha.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, namshauri aanze na Pumzi na La Jetée, ambazo kwa pamoja hazichukui hata saa moja, naye aweza kuzirudia jioni ile ile. Kisha atazame Tengoku to jigoku na Le Salaire de la peur, akiipa subira sehemu ya kwanza ya kila moja. Arrival aiache mwisho, aitazame mara mbili, na baada ya mara ya pili aandike ukurasa mmoja juu ya yale aliyoyaona ambayo mara ya kwanza hayakuwapo.